Gari bovu la bei nafuu: likague, piga hesabu, ndipo uamue

Kila mtaa una gari la namna hii. Corolla 110 imelala chini ya mwembe, tairi zimekaa chini. Noah ya zamani inachemsha kila ikipanda mlima. RAV4 ya milango mitatu dalali anaapa kwamba "inataka sevisi ndogo tu". Bei ni nusu ya gari zima, pengine chini ya hapo, na si kila anayelinunua anajuta. Upo ubovu unaotisha macho ambao fundi anaumaliza kwa siku moja, na yapo magari yanayong'aa ambayo injini zake zimebakiza miezi michache.

Swali la kuanza nalo ni moja: chanzo cha tatizo kinajulikana? Tatizo ambalo chanzo chake kimethibitishwa lina bei. Unaulizia spea, unaongeza ufundi, unajua mfukoni zinatoka ngapi. Tatizo ambalo kila fundi analitajia sababu yake halina bei, na gari la aina hiyo linunuliwe kwa thamani ya kulichinja spea au liachwe. Yanayofuata yanahusu zaidi Toyota ndogo na za kati za petroli, kwa kuwa ndizo zilizojaa Tanzania na spea zake ziko kila mkoa, lakini ukaguzi ni uleule hata kwa gari jingine.

Kabla ya kwenda kuliona

Piga simu uulize mambo manne: kadi iko kwa jina la nani, gari liliacha kutembea lini, fundi wa mwisho alifungua nini, na kama kwa sasa linawaka. Kisha mwombe muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti na ushike bomba la juu la rejeta. Ukikuta joto, limeshapashwa, na injini iliyopashwa huficha moshi wa asubuhi, kuwaka kwa shida, milio ya vali na hata gasketi iliyoungua. Sema utarudi kesho asubuhi.

Nenda na tochi, kitambaa cheupe, glavu, maltimita, sumaku ndogo uliyoizungushia kitambaa isikwaruze rangi, na dumu la maji la lita tano. Fundi aje na geji ya kompresheni, yaani ya kupima silinda zinavyobana hewa, na mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imezihifadhi.

Kuhusu fundi mwenyewe: mlipe kwa ukaguzi, hela yake kamili, ununue usinunue. Fundi ambaye malipo yake ni kazi ya kulitengeneza baadaye ana kila sababu ya kukwambia "hili linatengenezeka". Fundi aliyeletwa na muuzaji hahitaji maelezo.

Anza na maji

Mfumo wa kupoza injini ndio wa kwanza kukaguliwa, kwa sababu kuchemsha ndiko kunakogeuza ubovu wa laki mbili kuwa wa milioni mbili.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Maji mekundu au ya kijani yaliyo safi ni dalili nzuri. Maji ya kahawia yenye kutu yanasema gari limekunywa maji ya bomba kwa miaka, kwa hiyo rejeta imeziba kwa ndani na pampu ya maji imeliwa. Utando wa mafuta juu ya maji ni habari mbaya: oili inaingia kwenye maji. Kwenye gari la otomatiki, hata kipoza mafuta ya gia kilichomo ndani ya rejeta kikitoboka huleta utando huo, tena maji huwa yameingia kwenye gia boksi pia. Hapo unanunua ubovu mara mbili.

Jaza rejeta mpaka mdomoni, acha mfuniko wazi, washa. Sekunde chache za mwanzo mapovu machache ni hewa iliyobaki. Mapovu yanayoendelea bila kukoma, au maji yanayorushwa nje injini ikiwa bado baridi, ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, au kwenye ufa. Kipimo kingine: zima, funga mfuniko, washa tena, na ndani ya dakika moja binya bomba la juu. Likiwa limeshakuwa gumu kabla joto halijapanda, shinikizo hilo halitokani na mvuke. Linatoka kwenye silinda.

Sasa angalia ujanja mkubwa wa gereji zetu. Gari likianza kuchemsha, fundi anatoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuiunga feni dairekti ili izunguke muda wote. Sindano ya joto inashuka, mwenye gari anafurahi, na chanzo kinabaki palepale. Utaujua hivi: ukifungua swichi au ukiwasha tu, feni inaanza hapohapo injini ikiwa baridi na AC imezimwa, sindano inachukua dakika kumi na tano au zaidi kupanda, au haifiki usawa wake wa kawaida, barabarani kwenye mwendo sindano inashuka. Themostati za Toyota hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, kwa hiyo bomba la juu linapaswa kubaki la vuguvugu kwa dakika kadhaa kisha lipate moto ghafla. Likipashika polepole tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi.

Injini isiyo na themostati inakunywa mafuta zaidi, maana kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaongeza petroli. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuharakisha ulaji wa ringi. Lakini kwa mnunuzi jambo kubwa ni jingine: kuna mtu aliyekuwa anaficha kuchemsha. Uliza kwa nini ilitolewa. Ukijibiwa "hizi hazifai nchi za joto", chukulia gasketi ya hedi imeungua mpaka kipimo kithibitishe vinginevyo.

Na usidanganywe na sindano iliyotulia katikati. Kwenye Toyota nyingi imetengenezwa ikae pale hata joto likicheza kwa nyuzi kadhaa. Ukiiona imepita nusu hata kidogo, injini imeshapata joto la hatari.

Moshi, oili na kompresheni

Vuta dipstiki, ipanguse kwenye kitambaa cheupe. Oili nyeusi haina ubaya peke yake. Oili mpya inayong'aa ndani ya injini chafu, nzito kupita kawaida au iliyopita alama ya juu, imewekwa kwa ajili yako: uzito wake unanyamazisha milio na kupunguza moshi kwa siku chache. Oili yenye rangi ya maziwa ya chai ina maji. Utando kidogo wa maziwa chini ya mfuniko wa oili unaweza kuwa unyevu tu wa gari linalotembea safari fupi, lakini kwenye dipstiki hakuna cha kujadili.

Mtu awashe wewe ukiwa nyuma ya eksosi. Wingu la bluu linalotoka mara moja wakati wa kuwaka kisha linakata ni sili za vali. Zinabadilishika, na kwenye injini nyingi fundi mzuri anazibadilisha bila kushusha hedi. Moshi wa bluu unaoendelea na kuongezeka ukikanyaga mafuta ni ringi au silinda zilizoliwa, na hiyo ni injini ya kufunguliwa yote. Moshi mweusi ni petroli nyingi: sensa, nozeli, kichujio cha hewa. Mweupe wa asubuhi unaoisha ni unyevu. Mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, huku rejeta ikipungua, ni maji yanayoungua ndani ya silinda.

Injini ikiunguruma, legeza mfuniko wa oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Ukirushwa, au moshi ukipiga kwa mapigo kama bomba la treni, ringi zinavujisha.

Taa ya oili iwake ukifungua swichi na izime sekunde chache baada ya injini kuwaka. Isubiri tena baada ya safari, injini ikiwa ya moto na ikiunguruma taratibu: ikianza kupepesa, beringi za krenki zimekwisha au pampu ya oili imechoka. Mlio mzito wa kugonga unaosikika ukikanyaga mafuta, chini kabisa ya injini, ni konrodi. Hilo halina nusu tiba.

Kisha kompresheni. Hiki ndicho kipimo kinachoondoa ubishi, na hakichukui saa nzima. Injini iwe ya moto. Chomoa plagi zote, kata umeme wa koili na nozeli, betri iwe imejaa, mtu akanyage mafuta mpaka chini, na kila silinda izungushwe kwa stata mpaka geji iache kupanda. Kwa injini ya 3S-FE iliyo kwenye Noah na RAV4 za zamani, kipimo cha injini nzima ni karibu psi 178 (psi ni kipimo cha shinikizo) na cha chini kabisa ni 142. Kwa 1NZ-FE ya IST na Corolla za NZE ni karibu 213, chini kabisa 156. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14, na tofauti hii ina uzito kuliko namba yenyewe, kwa sababu geji za mtaani hazisomi sawa. Ukipima Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na geji itasoma pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. 3S-FE yenye 146 kule haina kosa.

Silinda iliyosoma chini, itie kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, vali. Silinda mbili zilizo jirani zikisoma chini kwa pamoja, gasketi ya hedi imekatika katikati yake. Umeshapata jina la ugonjwa kwa gharama ya mchana mmoja wa fundi.

Taa ya injini nayo ina lake. Ukifungua swichi lazima iwake, kisha ikizimika injini ikiwaka ndipo uamini. Isiyowaka kabisa imechomolewa balbu au imezibwa kwa nyuma. Toyota nyingi za Japani za miaka ya 90 hazisomeki kwa mashine ndogo za bluetooth. Fundi umeme anaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya ukaguzi na kuhesabu taa inavyopepesa. Mashine ikisomeka na haina kodi hata moja, hakikisha hazijafutwa asubuhi hiyo: endesha nusu saa, soma tena.

Gia boksi

Gari la otomatiki, mafuta ya gia yapimwe injini ikiunguruma, yakiwa ya moto, baada ya kupitisha lever kwenye gia zote na kurudi P. Mekundu ni mazuri. Kahawia ni uzee. Meusi yenye harufu ya kuungua yana unga wa plati za klachi, na kuyabadilisha kwenye gia boksi inayoteleza hakuiponyi.

Simama, breki imekanyagwa, injini inaunguruma taratibu. Toa N weka D, hesabu mpaka gari livute: Toyota hutaka chini ya sekunde 1.2. N kwenda R, chini ya sekunde 1.5. Ikichukua sekunde mbili au tatu, au ikiingia kwa kishindo, klachi au shinikizo la mafuta lina kasoro. Barabarani, RPM ikipanda bila mwendo kuongezeka, inateleza. Taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, kompyuta ya gia imehifadhi kodi.

Gia boksi ya kawaida ya Toyota za zamani inapatikana ya kontena, imetumika, na kuifunga ni kazi ya siku moja. CVT, otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, ni habari nyingine. Ikitetemeka ukianza kuondoka au ikilia kadiri mwendo unavyoongezeka, usiinunue kwa matumaini ya kubadili mafuta.

Gari lisilowaka

Hili ndilo lenye faida kubwa na hasara kubwa. Kanuni yake ni ngumu lakini inalinda mfuko: gari ambalo hujalisikia likiunguruma, lipigie hesabu kama halina injini wala gia boksi. Muuzaji akisema "ni pampu ya mafuta tu", mwambie aifunge, gari liwake, umlipe bei ya gari linalowaka. Kama ni pampu kweli, atakuwa amepata faida kubwa kwa gharama ndogo. Kusita kwake ni jibu.

Akikubali ukague: chomoa plagi na uzungushe injini kwa mkono kwenye nati ya krenki, mizunguko miwili kamili. Isipozunguka imekwama, simamisha kazi hapo. Ikizunguka, funga betri yenye volti 12.4 au zaidi na upige stata. Injini inayozunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wa kubana, huenda imekata mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha vali kwa kufuata krenki. Na hapa pana bahati kwa anayejua: kwenye 3S-FE na kwenye injini za zamani za A kama 4A-FE na 5A-FE, mkanda ukikatika vali hazigongani na pistoni. Gari limelala mwaka mzima kwa sababu ya mkanda, watu wanadhani injini imekufa. Kwenye 3S-FE pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo ibadilishwe hapohapo pamoja na rola zake. Injini zenye mnyororo mahali pa mkanda, au D4 (zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda) za familia ya 3S, usizipigie hesabu hii.

Mkanda ukiwa mzima, piga stata sekunde kumi kisha toa plagi moja. Imelowa petroli: mafuta yanafika, tafuta moto kwenye koili au distribyuta. Kavu: tafuta pampu, kichujio, rilei. Taa ya ufunguo inayopepesa kwenye dashibodi inamaanisha immobilaiza, kinga ya wizi ya gari, haiutambui ufunguo, na hilo ni la fundi umeme mwenye mashine yake. Gari lililolala zaidi ya mwaka lina petroli iliyooza, kutu kwenye tangi, breki zilizoshika na mpira uliokauka. Hivyo viandike hata kama havijaonekana.

Injini zenye sifa mtaani

1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, zilizomo kwenye Spacio, Allion na Premio za 1.8 na baadhi ya RAV4, zinajulikana kwa kula oili. Pistoni za mwanzo zilikuwa na matundu madogo ya kurudisha oili, yanaziba, ringi zinaganda. Injini inavuta vizuri, haina mlio, lakini inamaliza lita moja ndani ya kilomita elfu moja. Ukiongeza oili kila wiki inatembea miaka, ukisahau, inajam. Muuzaji akiwa na lita ya oili kwenye buti, umeshaelewa.

D4, hasa 1AZ-FSE ya Noah na Voxy za AZR60, inaogopwa kuliko inavyostahili. Inanyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli na zinajaa masizi. Gari linatetemeka likiunguruma taratibu na kuzima kwenye foleni. Kusafisha throto na njia za hewa mara nyingi kunalirudisha. Pampu ya shinikizo kubwa ikifa ndipo panapouma. Hofu ya watu inashusha bei, na aliye na fundi anayezijua D4 anaweza kuifaidi.

Prado na Surf za dizeli zenye 1KZ-TE zikiwa zimewahi kuchemsha, hedi ipimwe ufa kati ya vali. Hedi hizo hupasuka. Usikubali maelezo ya mdomo.

Chini na bodi

Shokapu, bushi, bol jointi, tairodi, linki za stabilaiza, pedi za breki: vyote vinaliwa, vyote vina bei ya kujulikana, vyote ni vya kushushia bei tu. Kata stelingi mpaka mwisho na uondoke taratibu. Mlio wa tak-tak-tak ni sivi jointi, kiungo cha ekseli kwenye tairi la mbele. Alteneta iwe inatoa volti 13.2 hadi 14.8 injini ikiunguruma. Tairi zisome tarehe: namba nne za mwisho za kodi ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Bodi ndiyo isiyosamehe. Magari yaliyokaa Tanga, Mtwara, Zanzibar na pwani yote ya Dar huliwa na chumvi mahali usipopaona: chini ya milango, chini ya zulia, na pale shokapu za mbele zinaposhika juu. Chokoa kwa bisibisi. Kutu ya mlango ni urembo. Kutu inayotoboa mahali pa shokapu au chesisi ni sababu ya kuacha gari hata likitolewa kwa laki tano. Sumaku isiyoshika kwenye pembe ya mlango inasema kuna puti. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: mstari wa tope kwenye kitambaa unasema gari liliogelea kwenye mafuriko, na umeme wa gari la mafuriko ndio ule ubovu usio na chanzo tuliousema mwanzo.

Safari ya majaribio isipungue nusu saa, AC ikiwa imewashwa, na iwe na foleni pamoja na mlima. Anayeishi Arusha au Mbeya hatafuti mlima. Wa Dar aelekee Kimara au Pugu.

Hesabu

Namba hizi ni za mfano. Zako zipate kwa kupiga simu maduka matatu ya spea, ya Kariakoo au Ilala kwa wa Dar, siku hiyohiyo.

Corolla inachemsha. Ikiwa nzima, gari kama hiyo inauzwa milioni 7. Kipimo kimeonyesha gasketi ya hedi. Gasketi seti, kuskimu hedi (kuisawazisha uso), pampu ya maji, themostati, rejeta, kulanti, oili na ufundi: 900,000. Tairi nne: 480,000. Shokapu za mbele na bushi: 350,000. Jumla ya matengenezo ni 1,730,000. Ongeza nusu yake, 865,000, ya mambo ambayo hayakuonekana. Kwenye gari bovu yapo, yatafute usiyatafute. Uhamisho wa kadi, wakili na breki-dauni: 300,000. Jumla 2,895,000. Toa kwenye milioni 7, inabaki 4,105,000. Toa tena asilimia 10 ya bei ya gari zima kama malipo ya usumbufu wako na siku ambazo gari litakuwa gereji: 700,000. Mwisho wako ni 3,405,000. Anza kutaja milioni 2.8.

Sasa chukua gari lilelile, lakini kompresheni haijapimwa, na likishafunguliwa linakutwa linataka injini nyingine ya 2,000,000 mahali pa ile 900,000. Matengenezo yanakuwa 2,830,000, akiba 1,415,000, na ukipitisha hesabu hiyohiyo mwisho wako unashuka hadi 1,755,000. Tofauti ni 1,650,000 kwa kipimo cha saa moja. Muuzaji akikataa gari lipimwe, bei yako ni hii ya pili, mwambie hivyo bila ugomvi.

Hedi ikishushwa, ipimwe unyoofu na ufa kabla ya kununua spea nyingine yoyote. Kuskimu hedi iliyopasuka ni kuchoma hela. Injini za kontena nazo ziwe na makubaliano ya maandishi ya kurudisha ndani ya siku kadhaa, namba yake ikiwa imeandikwa kwenye risiti, kwani namba ya injini mpya itabidi ibadilishwe kwenye kadi.

Kadi na madeni

Gari linaweza kutengenezeka na kadi isitengenezeke. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bodi na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na namba ya injini vilevile. Namba iliyokwaruzwa au kuchomelewa upya, ondoka.

Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, kwa kitambulisho. Magari ya bei ya chini mara nyingi yameuzwa mara mbili tatu bila kuhamishwa, na mwenye jina hajulikani alipo. Bila sahihi yake TRA haitakuhamishia. Kama mwenye kadi amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama; mjane au mtoto peke yake hatoshi, hata familia nzima ikubali. Kadi ikiwa "iko benki" au kwa mkopeshaji, deni lilipwe mbele yako na kadi itoke siku hiyo. Gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi huwa na kodi ya kulipwa likienda kwa asiye na msamaha.

Kagua faini za trafiki na deni la maegesho kwa namba ya gari kabla ya kulipa. Ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo asikutishe mtu na "rodi laisensi" ya mwaka huu. Mkataba uandikwe kwa wakili, utaje kilomita, namba ya chesisi, ubovu uliokubaliwa na kwamba madeni ya kabla ya tarehe hiyo ni ya muuzaji. Hela ipite benki.

Ukishalinunua, mpangilio wa matumizi ni huu: breki na tairi, kisha mfumo wa maji pamoja na themostati mpya na feni kurudishwa kwenye swichi yake ya joto, kisha mkanda wa taimingi kama hakuna stika yenye kilomita ulipobadilishwa, kisha oili na kichujio, ambavyo kwa 1NZ-FE ni lita 3.7. Pima maji na oili kila asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa kilomita 1,000 za kwanza, ukiandika kiasi unachoongeza. Rangi na redio vikae mpaka kilomita hizo ziishe.